Kalank: Jumba Lilijengwa, Wenyewe Wakasahauliwa

Tarehe 17 Aprili 2019, siku ya mapumziko nchini India, kumbi za sinema zilijaa watu waliokwenda kuitazama Kalank. Mauzo ya siku hiyo moja, yaliyotajwa kuwa takriban rupia milioni 216, yaliipita siku ya kwanza ya filamu nyingine yoyote ya Kihindi iliyokuwa imetoka tangu mwaka huo uanze. Siku iliyofuata mauzo yalishuka karibu nusu. Kufikia Jumapili filamu ilikuwa imekusanya rupia milioni 660 hivi, na hadi inaondolewa kwenye kumbi ilikuwa imeambulia takriban milioni 800 tu ndani ya India, ilhali gharama ya kuitengeneza ilitajwa kuwa karibu rupia bilioni 1.5. Wapo waliotafuta kisingizio kwa Avengers: Endgame, iliyoingia sokoni tarehe 26 mwezi huohuo na kumeza kila kitu, lakini kalenda inawasuta, kwa kuwa mtazamaji wa India alikuwa amekwisha kuikataa Kalank zaidi ya wiki moja kabla ya mashujaa wa Marekani kubisha hodi.

Wala haikuwa filamu ya kubahatisha. Karan Johar, mkuu wa kampuni ya Dharma Productions, alieleza wakati wa kuitangaza kwamba wazo lake lilianza miaka kiasi cha 15 nyuma, alipokuwa akifanya kazi pamoja na baba yake, Yash Johar, ambaye alifariki mwaka 2004. Uongozaji alipewa Abhishek Varman, ambaye 2 States yake ya mwaka 2014 ilikuwa imeonyesha kwamba anajua kupiga picha mama mkwe anayekunja uso sebuleni. Mbele ya kamera walisimama Madhuri Dixit, Sanjay Dutt, Alia Bhatt, Varun Dhawan, Sonakshi Sinha na Aditya Roy Kapur. Nyuma yake alikuwapo Binod Pradhan, mpigapicha mkongwe, na Pritam kwa upande wa muziki, na Manish Malhotra kwa mavazi. Nafasi ya mwimbaji Bahaar Begum ilikuwa imekusudiwa Sridevi, na alipofariki Februari 2018 ikaenda kwa Madhuri, jambo lililowarudisha yeye na Sanjay Dutt kwenye filamu moja baada ya zaidi ya miaka 20. Kwa watazamaji wa rika fulani, hilo peke yake lilitosha kununulia tiketi.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwake ni mawili: kwamba ilikuwa ndefu mno, na kwamba ilipambwa kupita kiasi. Yote mawili yananishangaza. Filamu hii inakaribia saa mbili na dakika 48, muda ambao kwa mpenzi wa filamu za Kihindi ni wa kawaida kabisa, na mapambo hayajawahi kuwa dhambi katika sinema ya Mumbai. Devdas ya mwaka 2002 ilikuwa miongoni mwa filamu ghali kuliko zote zilizokuwa zimetengenezwa India, imejaa vioo vya rangi na taa na sari nzito, tena ni ndefu kuliko Kalank, na watu waliitazama wakalia. Tatizo la Kalank liko mahali pengine. Ni tamthilia ya familia ambayo watengenezaji wake hawakupenda kukaa ndani ya nyumba ya familia hiyo. Kila walipopata nafasi ya kutoka nje, walitoka.

Hadithi inaanzia mahali pazuri mno, na ndiyo maana hasara inauma. Tuko miaka ya 1940, katika mji wa kubuni wa Husnabad karibu na Lahore, India ikiwa bado chini ya Mwingereza. Satya, mke wa Dev Chaudhry, ana saratani na anajua kwamba hana muda mrefu wa kuishi. Anafunga safari hadi Rajputana kumtafuta Roop, binti mchangamfu anayerusha vishada, na kumwomba aje kuishi nao ili yeye akishafariki mumewe asibaki peke yake. Roop ana wadogo zake wa kike ambao maisha yao yanategemea uamuzi wake, kwa hiyo anakubali, ila kwa sharti kwamba hataishi katika nyumba ya watu bila hadhi: Dev amuoe kwanza, Satya akiwa hai. Usiku wa harusi Dev anamwambia bibi harusi kwamba katika ndoa hii atapata heshima, lakini mapenzi asiyatarajie.

Simama hapo kidogo uitazame hali hiyo. Mwanamke anamchagua mwenyewe mke mwenza wake, anamvika mapambo, anampisha chumbani, kisha anapaswa kuamka kila asubuhi akiendelea kuishi naye. Ndoa ya namna hiyo haikuwa kioja wakati ule, kwani sheria ya India iliyomkataza mwanamume wa Kihindu kuoa mke wa pili ilipitishwa mwaka 1955, na kabla ya hapo ni majimbo machache tu yaliyokuwa yameweka marufuku. Mwandishi wa hadithi hii hakuhitaji kubuni chochote cha ajabu. Alihitaji tu kuuliza maswali ambayo mtu yeyote wa pwani yetu aliyekulia katika nyumba ya wake wawili, au jirani ya nyumba hiyo, angeyauliza bila kufundishwa: nani anashika funguo za ghala, nani anampakulia mume chakula, watumishi wanamwita nani bibi mkubwa, na mgonjwa anapokohoa usiku ni nani anayeinuka. Satya anajisikiaje siku anayomsikia mumewe akicheka na yule aliyemleta? Je, kuna saa anayojuta? Je, Roop huwa anahesabu, kwa aibu, miezi iliyobaki?

Filamu haijibu hata moja kati ya hayo. Satya na Roop wanazungumza kwa upole na adabu, mmoja anaomba samahani, mwingine anatokwa na machozi, na Sonakshi Sinha, anayemcheza Satya na ambaye kwa maoni yangu anaigiza kwa utulivu kuliko wote, anabaki akingoja mandhari ambazo hazikuandikwa. Baada ya muda mfupi Roop anasikia sauti ya Bahaar Begum ikitokea mtaa wa Hira Mandi, anashikilia kwamba anataka kujifunza kuimba kwa mwanamke huyo, na kamera inamfuata nje ya geti kwa furaha ya wazi. Kuanzia hapo nyumba ya akina Chaudhry inageuka mahali pa kupita. Satya anafariki kabla filamu haijafika mwisho, na kifo hicho, ambacho ndicho kilichowaweka watu wote hawa pamoja tangu mwanzo, kinapita kama taarifa.

Hira Mandi ni mtaa wa kweli wa Lahore, ndani ya mji mkongwe, karibu na msikiti wa Badshahi, na kwa vizazi kadhaa ulijulikana kwa waimbaji na wachezaji wa kike waliofundisha adabu na mashairi sawasawa na walivyostarehesha wenye fedha. Waliotengeneza Kalank waliujenga upya wakiutilia maji na mashua, taa zisizohesabika, na ukumbi wa Bahaar Begum ulio mpana kuliko kasri. Ni kazi ya mikono inayostahili heshima. Lakini ukumbi huo unamkumbusha kila mtu Chandramukhi wa Devdas, yule yule Madhuri wa mwaka 2002, na kumbukumbu hiyo inaiumiza filamu badala ya kuisaidia, kwa sababu Devdas ilijua jambo ambalo Kalank haikulijua. Katika Devdas mama yake Paro, msichana anayependwa na Devdas, anaalikwa kwenye nyumba ya jirani tajiri, anacheza dansi kwa furaha mbele ya wageni akitarajia kuposewa binti yake, kisha mwenye nyumba anamdhalilisha mbele ya watu haohao. Sari ni za gharama, taa ni nyingi, na katikati ya mng'aro huo amesimama mama mmoja aliyevunjiwa heshima. Utajiri wa seti ndio unaoifanya aibu hiyo iwe kubwa. Katika Kalank utajiri unasimama upande mmoja na aibu upande mwingine, havikutani.

Katika mtaa huo Roop anakutana na Zafar, mhunzi, ambaye tunagundua kuwa ni mtoto wa nje ya ndoa wa Bahaar Begum na Balraj Chaudhry, baba yake Dev. Wazazi wote wawili walimtupa. Zafar anaamua kumtongoza mke wa ndugu yake ili kulipiza kisasi, halafu, kama ilivyotarajiwa, anampenda kweli. Mtoto aliyekataliwa na baba mwenye jina ni mada kongwe sana katika sinema ya Kihindi, na wasomaji wa ukanda wetu wana sababu ya kuijua: Awaara ya mwaka 1951, iliyopendwa mno Zanzibar na katika miji mingine ya pwani, inahusu mambo hayohayo. Hakimu anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, mtoto anakulia katika umaskini na wizi, na hatimaye anasimama mahakamani mbele ya baba yake. Raj Kapoor, aliyeiongoza, alimpa baba yake mzazi, Prithviraj, nafasi ya hakimu huyo. Wengi wa waliojaza kumbi kuitazama hawakujua Kihindi, na hawakukihitaji sana, kwa sababu uhusiano wa watu wale ulisomeka katika namna walivyosimama: nani yuko juu, nani yuko kizimbani, nani anageuza uso.

Nadhani hiki ni kipimo kizuri cha tamthilia ya familia, na natamani watayarishaji wa Mumbai wakikumbuke kila wanapohesabu soko lao la nje. Ukizima sauti, je, bado unaelewa nani anamdai nani? Izime sauti ya Kalank. Utaona watu wazuri wakitembea polepole kuelekea madirishani. Baba aliyemkana mwanawe na mwana aliyekanwa wanaishi katika mji mmoja, lakini kukabiliana kwao hakupewi uzito wowote, na Balraj, mtu ambaye dhambi yake ndiyo iliyozaa msiba mzima, amekaa pembeni akiwa na uso wa mtu aliyekuja kutembelea seti. Sanjay Dutt, anayemcheza Balraj, ni mtoto wa Nargis na Sunil Dutt, watu waliocheza mama na mwana katika Mother India ya mwaka 1957, filamu ambayo mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kulinda heshima ya kijiji. Damu hiyo ingestahili kupewa kitu cha kuigiza. Alipopangwa uso kwa uso na Madhuri, mkutano ambao matangazo yaliutumia sana, alipewa dakika chache na maneno ya jumla.

Kuhusu maneno hayo nina malalamiko ya peke yake. Mazungumzo yaliandikwa na Hussain Dalal, na karibu kila mhusika anasema kwa misemo iliyosukwa tayari kwa kunukuliwa, mmoja akitoa fumbo kuhusu ndoa, mwingine akimjibu kwa fumbo kuhusu moto, wa tatu akifunga kwa fumbo kuhusu hatima. Msemo mmoja mzito katika filamu nzima unaweza kumtoa mtu machozi. Ishirini mfululizo inamfanya mtazamaji ahisi kwamba hakuna anayemsikiliza mwenzake, na nyumba ambamo hakuna anayemsikiliza mwenzake inaweza kuwa na tamthilia nzuri ikiwa mwandishi amekusudia hivyo. Hapa hakukusudia.

Na yule fahali? Kuna sehemu ambayo Zafar anapambana na fahali aliyetengenezwa kwa kompyuta, kwa ubora usioendana kabisa na fedha zilizotumika, ili tujue kwamba yeye ni mwanamume jasiri. Tulikwisha kujua. Alikuwa amevua shati tangu alipotokea.

Mahali ambapo kosa linakuwa zito zaidi ya sanaa ni katika siasa. Familia ya Chaudhry inamiliki gazeti, na Dev analitumia kutetea ujenzi wa kiwanda cha chuma, huku wahunzi wa mji, wengi wao Waislamu, wakihofia kwamba kiwanda kitawanyang'anya riziki. Kiongozi wao, Abdul, anahusiana na Muslim League, chama kilichodai nchi ya Pakistan kwa ajili ya Waislamu. Ningekuwa mtayarishaji, fedha zangu ningeziweka hapa, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya nyumbani na hadithi ya nchi zinapogusana: mwana halali anaandika makala ya kuunga mkono mashine, mwana aliyekataliwa anafua chuma kwa nyundo, na mkate wa mmoja ni njaa ya mwingine. Filamu ingeweza kutuonyesha jinsi hofu ya ajira inavyovikwa kanzu ya dini na watu wenye haja zao. Badala yake mgogoro wa kiwanda unatajwa mara kadhaa na kuachwa, hadi filamu inapohitaji moto wa kumalizia. Hapo wahunzi wanageuka umati wenye mapanga, na Zafar anauawa kituo cha reli wakati Roop na Dev wakitoroka kwa treni kuelekea Amritsar.

Kunal Khemu anamcheza Abdul kwa ukali unaokufanya utamani angepewa sababu nzuri zaidi ya kuwa mkali. Kugawanywa kwa India mwaka 1947, ilipozaliwa Pakistan, kuliwang'oa watu zaidi ya milioni 10 makwao, na Punjab, jimbo ambalo Lahore na Amritsar zilikuwa miji yake pacha isiyofika hata kilomita 60 kati yake, lilichinjana pande zote: Waislamu, Wahindu na Masingasinga waliua na kuuawa. Kuusimulia msiba huo kwa kuweka familia moja ya Kihindu yenye nuru upande mmoja, na upande wa pili umati wa Waislamu wenye hasira, ni kuipotosha historia hata kama nia ilikuwa njema, na hata kama shujaa anayekufa ni Mwislamu kwa malezi. Garm Hava ya M. S. Sathyu, iliyotengenezwa mwaka 1973 kwa fedha kidogo mno, haikuwa na umati wa namna hiyo. Ilikuwa na Salim Mirza, mtengenezaji viatu wa Agra aliyeigizwa na Balraj Sahni, ambaye benki zinakataa kumkopesha kwa sababu huenda naye akahamia Pakistan, na mama yake mzee anayekataa kutoka katika nyumba ya ukoo hata baada ya serikali kuichukua. Anapokaribia kukata roho wanambeba kumrudisha katika jumba lile ili afie humo. Mtazamaji anaelewa mgawanyo wa nchi kwa kumwangalia bibi mmoja na nyumba moja.

Sitaki kuonekana nimefumbia macho yaliyokuwa mazuri. Nyimbo zilidumu kuliko filamu, na wapo wengi wanaoimba ule wa Ghar More Pardesiya bila kukumbuka ulitoka wapi. Dansi ya Madhuri katika Tabaah Ho Gaye, iliyotungwa na Saroj Khan pamoja na Remo D'Souza, ni miongoni mwa kazi za mwisho za Saroj Khan, aliyefariki Julai 2020, na katika dakika zile chache unaona mwanamke mwenye umri, majuto na kiburi, vyote kwa mkono na jicho. Ni sehemu pekee ya filamu ambapo seti ile kubwa inamtumikia mtu aliye ndani yake. Karan Johar, kwa haki yake, hakumlaumu mtazamaji. Amekiri hadharani kwamba filamu ilishindwa na kwamba kushindwa huko kulimuumiza sana.

Kinachoshangaza ni kwamba kampuni ileile ilikuwa imekwisha kuonyesha inaijua kazi hii. Kapoor & Sons ya Shakun Batra, iliyotoka mwaka 2016 kwa sehemu ndogo ya gharama ya Kalank, inakaa karibu muda wote katika nyumba moja ya Coonoor, mji wa milimani kusini mwa India. Katika mandhari mojawapo fundi bomba amekuja kutengeneza mabomba, na wakati akifanya kazi yake mume na mke wanaanza kugombana kuhusu fedha, wana wao wanaingilia, sauti zinapanda, siri zinatoka, na fundi masikini hajui aangalie wapi. Hakuna taa elfu moja. Kuna fundi mmoja tu, na aibu ya familia kusikiwa na mtu wa nje, aibu ambayo kila nyumba inaijua. Mambo ya Satya na Roop yangeweza kupewa saa nzima ya mandhari za namna hiyo, na jumba la akina Chaudhry, pamoja na ngazi na nguzo zake zote za gharama, lingekuwa mahali pazuri pa kuyachezea.

Johar alirudi kwenye tamthilia ya familia kama mwongozaji Julai 2023 kwa Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani, akiwa tena na Alia Bhatt, tena na Manish Malhotra, na kwa bajeti ambayo hakuna atakayeiita ya kubana. Safari hii wapenzi wawili wanabadilishana nyumba kwa miezi mitatu, kila mmoja akienda kuishi na wakwe wa baadaye, na filamu inatulia humo: mezani, jikoni, katika chumba cha bibi mwenye amri, na ukumbini ambapo kijana wa Kipunjabi anakubali kujifunza Kathak kutoka kwa baba mkwe mtarajiwa ambaye amechekwa kwa dansi hiyo maisha yake yote. Rangi ni nyingi kuliko za Kalank na sari hazina idadi, na watu walijaza kumbi wiki baada ya wiki.